Chembe ya moyo si tumbo: barua ya wazi kutoka Kigoma

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya;
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI;
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma;
na waganga wakuu wa halmashauri zetu zote, kuanzia Kakonko hadi Uvinza.

YAH: NANI ANAPONA MSHTUKO WA MOYO NA NANI HAPONI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nimewafundisha watoto wa sekondari kuandika sentensi hiyo kwa miaka 31, wengi wakiikariri kama wimbo, na mimi mwenyewe nikiisahihisha bila kuifikiria. Leo ninaiandika kwa dhati.

Mama yetu alizaa watoto saba. Wawili tumepata mshtuko wa moyo. Mimi nipo, kaka yangu amelala nyuma ya nyumba yake, mwambao wa ziwa. Tumekulia chungu kimoja: ugali wa muhogo, dagaa, mawese. Baba yetu ni mmoja, na presha ya kupanda tumeirithi wote. Sigara nilivuta mimi zaidi, yeye hakuwa na hela ya pakiti. Kama foleni ya kwenda ingepangwa kwa makosa ya mtu, ningetangulia mimi.

Tofauti yetu ilianza zamani. Baba alipofariki, kaka alikuwa darasa la nne. Aliacha shule akaingia ziwani, na sare zangu, madaftari yangu na nauli yangu ya treni kwenda kusoma Tabora vilitoka kwenye karabai na wavu wake. Alikuwa akiniita "Mwalimu" hata kabla sijafika chuo cha ualimu. Alipozeeka nikawa namtumia hela ya mafuta ya injini, tukadhani tumelipana.

Ninalo daftari lake la zahanati. Mnayajua hayo madaftari: unalinunua dukani kabla ya kuonana na mganga, na ndilo linakuwa faili lako la maisha. Lake lina jalada la bluu lililolowa maji likakauka. Kurasa za mbele ni za mganga, kwa Kiingereza cha haraka. Kurasa za nyuma, ukiligeuza juu chini, ni hesabu zake za dagaa: nani kachukua ndoo ngapi, nani kalipa nusu.

Kurasa za mganga ziko tatu tu. Ya kwanza inasema anaumwa chembe ya moyo kwa wiki mbili, kisha herufi tatu, PUD, yaani vidonda vya tumbo. Kapewa omeprazo na vidonge vya magnesiamu vya kutafuna. Ya pili, baada ya kama mwezi, malalamiko yale yale, kapimwa bakteria wa tumbo, wakaonekana, kapewa dozi. Ya tatu imeandikwa siku tisa kabla hajafa. Mganga, Mungu ambariki, alimsikiliza na kuandika alichoambiwa: maumivu yanaanza akivuta wavu, akipumzika yanaisha. Halafu chini yake, tena, PUD.

Waheshimiwa madaktari mlio miongoni mwa ninaowaandikia, isomeni sentensi hiyo mara mbili. Kidonda cha tumbo hakijui kwamba unavuta wavu. Kinachojua ni moyo, kwa sababu mshipa unaoupelekea damu ukiwa mwembamba, damu iliyopo inatosha mtu akikaa na haitoshi akifanya kazi. Ni onyo la wazi kabisa linalokuja kabla mshipa haujaziba moja kwa moja. Kaka yangu alilieleza kwa Kiswahili safi, likaandikwa, likasomwa kama tumbo.

Simlaumu yule mganga. Alikuwa peke yake, nje foleni ya watoto wenye homa, ndani hakuna mashine ya kupima umeme wa moyo. Tena lugha yenyewe ilimponza. "Chembe ya moyo" kila Mswahili anajua ni wapi: pale kwenye kibonde chini ya mfupa wa kifua, mlango wa tumbo. Wazee wetu waliliweka neno moyo hapo kwa sababu zao. Anayesomea udaktari anafundishwa kwamba mgonjwa akisema hivyo anamaanisha tumbo, na mara nyingi ni kweli. Ila mshtuko unaopiga upande wa chini wa moyo huuma hapo hapo, na hautangazi jina lake. Na neno "mshtuko" nalo halisaidii. Huku kwetu mtu anapata mshtuko akiletewa habari ya msiba. Waambie watu kijijini kwamba fulani kafa kwa mshtuko wa moyo, watakuuliza: nani alimpa habari gani?

Alfajiri ile alirudi kutoka ziwani akiwa ameloa jasho la baridi, mkono umekufa ganzi. Walimpa maziwa, wakidhani ametiliwa kitu. Mwenye boti ya injini alikuwa Kibirizi. Boti ya pili haikuwa na petroli, na ile ya tatu mwenyewe alitaka kwanza aelewane na mtu kuhusu malipo. Walipoondoka jua lilikuwa juu. Alikata roho kabla hawajaiona gati.

Miaka miwili baadaye zamu ikawa yangu. Jumapili mchana, Mwanga, nimetoka kununua migebuka. Kifua kikabana kama mtu amekaa juu yake. Na mimi mwalimu mzima, mwenye daftari la kaka yangu kabatini, nilifanya nini? Niliagiza soda baridi nicheue gesi. Kilichoniokoa si akili, ni simu. Nilimpigia mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni daktari mkoa mwingine, nia yangu ikiwa kumuuliza dawa ya gesi. Hakunijibu hata shikamoo.

"Mwalimu, hilo si tumbo. Una aspirini karibu? Itafune, usiimeze nzima. Usiendeshe. Ukifika waambie hivi..." Akanisomea sentensi moja ya Kiingereza, akaniambia niirudie.

Nilifika hospitali, ambayo sitaitaja, nikairudia mbele ya dirisha la mapokezi. Muuguzi aliinuka kwenye kiti. Nikatoa kadi ya NHIF, bima ya afya ya mstaafu. Dakika chache baadaye nimelala, waya zimebandikwa kifuani, karatasi ya mistari inatoka kwenye mashine. Siku kadhaa baadaye nilikuwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, wanaizibua ile mishipa na kuweka vyuma vidogo vya kuishikilia. Nimewashukuru na bado ninawashukuru.

Lakini pale mapokezi, kwenye benchi, alikuwepo mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa kiunoni kama wanavyofunga wachuuzi wa dagaa. Alikuwa anasema kifua kinambana na mgongo unawaka moto. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, na aliongeza "samahani mwanangu" mwanzoni na mwishoni. Aliambiwa aende dirisha la malipo kwanza, akafungue faili. Nilipopitishwa kwa machela alikuwa bado anahesabu noti. Yule mama sikumwona tena.

Msidhani hili ni tatizo la Kigoma peke yake, au la umaskini peke yake. Kuanzia 1967, London, Uingereza, watafiti walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali wanaume zaidi ya 17,000. Wote wana ajira, wote wako mji mmoja, wote wanatibiwa bure. Waliokuwa ngazi ya chini kabisa, matarishi na mabawabu, walikufa kwa ugonjwa wa moyo mara tatu na zaidi ya wakubwa wao. Watafiti walipoondoa sigara, presha na mafuta mwilini, zaidi ya nusu ya pengo ilibaki palepale. Kule Kanada, jimbo la Ontario, ambako matibabu ya hospitali hayalipiwi mlangoni, utafiti uliochapishwa 1999 uliangalia wagonjwa zaidi ya 51,000 wa mshtuko wa moyo. Waliotoka mitaa yenye kipato kikubwa walichunguzwa mishipa ya moyo zaidi, walisubiri muda mfupi zaidi, na kila mtaa ulipozidi mwingine kwa dola 10,000 za kipato cha mwaka, hatari ya kufa ndani ya mwaka mmoja ilipungua kwa asilimia 10.

Ninaleta mfano huo kwa makusudi. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na niliposikia nilifurahi kama wengine. Bima itamwondolea yule mama dirisha la malipo. Haitamfanya muuguzi ainuke kwenye kiti. Kanada waliliondoa dirisha zamani na bado maskini wao wanatangulia kaburini, kwa sababu mwenye elimu anajua aseme nini, amwambie nani, na akatae kuondoka mpaka apimwe.

Na mtu asiniambie kwamba mshtuko wa moyo ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi, Afrika hatuna. Mjini Moshi, Kilimanjaro, watafiti walipowachunguza kwa makini wagonjwa wazima 681 waliofika kitengo cha dharura na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, 152 walikutwa na mshtuko wa moyo. Ni zaidi ya mmoja kati ya watano. Wengi wao hawakuwa wamegunduliwa hivyo na waliowapokea. Kama hospitali ya Moshi, yenye mabingwa na mashine, iliwapita hivyo, mahesabu ya zahanati za mwambao wa Ziwa Tanganyika fanyeni wenyewe.

Sasa maombi yangu. Mabingwa wa moyo kila wilaya siwaombi, najua hamna. Hata maabara ya kuzibulia mishipa Kigoma kesho asubuhi siiombi, ingawa kutoka huku hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200 na mshipa uliozibwa unapaswa kufunguliwa ndani ya saa chache, msuli wa moyo ukiwa unakufa kila dakika inayopita. Ninaanza na kilicho rahisi.

Wekeni amri, iandikwe ukutani mapokezi pale palipoandikwa bei za vipimo: mtu mzima yeyote anayesema kifua, chembe ya moyo, mgongo unawaka, taya au mkono wa kushoto, jasho la baridi, apimwe umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu afike, kabla ya faili na kabla ya fedha. Hizo dakika 10 sikuzitunga mimi, ndiyo kanuni inayotumika duniani. Uzuri wa amri ni kwamba haiulizi mgonjwa kasoma mpaka wapi. Leo kipimo kile kinatoka kwa hiari ya aliyeko dirishani, na hiari huwa inamwendea anayefanana nasi. Mimi mwenyewe nimekaa madawati ya mbele ya maisha haya kwa miaka mingi, najua utamu wake.

Mashine hizo ziwepo vituo vya afya, si hospitali ya mkoa tu. Ziko za kubeba mkononi zinazotumia betri. Mganga asiyejua kusoma mistari yake anapiga picha ile karatasi na kuituma kwa daktari wa zamu mkoani. Waganga wetu wanatumiana picha za harusi kutwa nzima, mtandao wa hilo upo.

Aspirini nayo isikosekane. Utafiti mkubwa wa 1988 wenye wagonjwa zaidi ya 17,000 ulionyesha kwamba aspirini peke yake, iliyoanzwa mapema, ilipunguza vifo kwa asilimia 23 hivi, na ikiunganishwa na dawa ya sindano ya kuyeyusha bonge la damu vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Aspirini haifikii bei ya kikombe cha chai. Sisemi igawiwe kama pipi, maana mwenye kidonda kinachovuja damu au mwenye kiharusi inaweza kummaliza, ndiyo maana iwe mkononi mwa mtu aliyefundishwa. Ile sindano ya kuyeyusha ni ghali, najua, lakini sisi tulio mbali na Dar es Salaam ndio tunaoihitaji kuliko wote, kwa sababu hatuna kingine cha kufanya ndani ya saa hizo za mwanzo. Mabingwa wanaokuja na kambi za matibabu mkoba tunawapokea kwa vigelegele, ila mshipa hauzibi kwa ratiba ya kambi.

Usafiri ndio ninaotaka tuuzungumze kwa kirefu, maana hapo mmekwisha kufanya kazi nzuri, mkaishia njiani. Mnao mfumo wa m-mama. Mjamzito akizidiwa, mtu anapiga 115 bure, anayepokea anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anamwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye analipwa na mfumo, hamdai mgonjwa. Niliposimuliwa jinsi unavyofanya kazi, usiku ule sikulala. Kila kilichomuua kaka yangu alfajiri ile mfumo huo umekwisha kukitafutia jibu: nani wa kupigiwa, nani ana chombo, nani anamlipa mafuta. Jibu hilo limewekwa kwa mama na mtoto mchanga, na ni haki yao. Ombeni fedha, pangeni upya, fungueni namba hiyo kwa mwenye kifua na mwenye kiharusi pia. Na mwambao wa ziwa wasajilini wenye boti kama mlivyosajili wenye gari. Kwetu sisi boti ndiyo barabara.

Kuna jambo lingine wengi hawalioni, kwa sababu linatokea mtu akiwa amekwisha kupona. Kitanda cha jirani yangu wodini Dar es Salaam alilala mkulima wa tumbaku kutoka Urambo. Siku ya kuruhusiwa alipewa karatasi kama yangu, kwa Kiingereza, na mfuko wa vidonge. Akanisogezea karatasi ile. "Mzee mwenzangu, hebu nisomee, wamesema nini?" Nikamsomea: aspirini kila siku, dawa ya kuzuia damu kuganda kwenye vile vyuma, ya mafuta, ya presha, kliniki baada ya wiki nne. Nikamwambia hizi ni za kudumu, hata ukijisikia ngangari. Akacheka, akasema yeye dawa anazozijua mtu akipona anaacha.

Nilimpigia baada ya miezi mitatu. Alikuwa ameacha. Vidonge vya mfuko viliisha, duka la dawa la karibu halina viwili kati ya hivyo, kliniki ni nauli ya kwenda Tabora mjini, na alikuwa anajisikia vizuri, hadi amelima. Nilimpa somo refu la simu, akanisikiliza kwa heshima kama watu wanavyowasikiliza walimu wastaafu. Tulipomaliza akaniuliza bei ya migebuka Kigoma. Basi, ni nani amekosea hapo? Aliyeandika karatasi kwa lugha ya madaktari wenzake akampa mkulima? Gharama ya kuiandika kwa Kiswahili ni wino ule ule. Na dawa hizo nne au tano ziwemo katika zile zinazopatikana kituo cha afya kwa mwenye bima ya jamii, kwa sababu kaya iliyolipa ada ya mwaka ikaambiwa dawa ya moyo kanunue nje, mwakani hailipi tena.

Mwisho ninaomba mhesabu. Kaka yangu ameandikwa wapi? Hakufia hospitali, kwa hiyo hayumo katika vifo vya moyo vya mkoa huu. Yumo katika "alizidiwa ghafla". Mkitaka kujua ukubwa wa jambo hili waulizeni wenyeviti wa vijiji ni wangapi wamedondoka ziwani, shambani, sokoni, na kabla ya hapo walikuwa wanatibiwa vidonda vya tumbo. Andikeni na kazi ya marehemu, na darasa aliloishia. Mtaona mstari unavyopanda.

Nimesikia Baraza la Madiwani linapokea wananchi wenye hoja. Nikiitwa nitakuja na daftari la bluu, mlisome wenyewe zile kurasa tatu. Zile za nyuma naomba msizitoe nakala. Wako watu bado wanadaiwa ndoo za dagaa, na shemeji yangu anawafuatilia polepole.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma.